Kilo za Kwenye Kadi

Manyoni,
7 Machi 1999

Mama yangu,

Shikamoo. Alute anakusalimu sana. Safari hii naandika mwenyewe badala ya kukutumia salamu kwa watu wa mnadani, kwa sababu nina jambo ambalo sitaki lipite midomoni mwa watu.

Nina mimba tena. Miezi minne. Sijamwambia mtu zaidi ya Alute na mama yake, kwa sababu wewe mwenyewe unajua ile ya mwaka juzi iliishia wapi. Kila nikipita ile njia ya makaburini namkumbuka yule mtoto, ambaye hata kulia hakulia.

Presha imerudi, Mama. Niseme ukweli, haijawahi kuondoka. Tangu waliponikataza kumtolea damu jirani yetu kwa sababu ya presha, kila nikipimwa iko juu. Wiki iliyopita ilikuwa 150 kwa 100. Nina miaka ishirini na nne na kilo hamsini na mbili, nabeba marobota ya mitumba kichwani kutoka stendi hadi sokoni, na wauguzi wananiambia presha ni ugonjwa wa wanene na wenye mawazo. Kwa kuwa mimi si mnene, basi nina mawazo. Wakishasema hivyo wanamgeukia Alute na kumtazama. Sasa amekataa kunisindikiza kliniki. Anasema tangu apunguzwe kazi reli watu wamekuwa wakimtafutia kosa, na sasa wamelipata: anamtesa mke.

Mwezi wa kwanza tumeletewa daktari mpya, Dokta Manase. Huyu hakuniuliza habari za mawazo. Alinipima mkono wa kulia na wa kushoto, akapima mkojo, kisha akauliza, "Ulizaliwa na kilo ngapi?" Nikamwambia sijui. Akasema niulize nyumbani.

Basi nakuuliza, Mama. Nilizaliwa na kilo ngapi?

Mwanao,
Winfrida


Mungaa,
21 Machi 1999

Mwanangu Winfrida,

Marahaba. Barua nimeipata kwa mkono wa Katekista, nikaisoma mara mbili, nikapiga magoti. Mungu akulinde pamoja na hicho alichokupa.

Huku mvua imekatika wakati alizeti ndiyo inaweka maua. Mtama unavumilia. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Kuku wamekufa kwa kideri, wamebaki wanne.

Kuhusu afya yako, usisikilize maneno ya wauguzi. Ulikuwa mtoto mwenye afya kuliko wote hapa kijijini. Ulipofika miaka miwili, Damari mkunga alikuwa anakubeba na kukuonyesha kwa wenzake, anawaambia, tazameni jinsi mtoto anavyotakiwa kulelewa. Miguu yako ilikuwa na mikunjo mitatu. Watu walidhani nakulisha kitu cha siri.

Nakuonya kitu kimoja. Usile sana. Mtoto akiwa mkubwa tumboni utapasuliwa. Wewe ulikuwa mkubwa na ulinitesa, kwa hiyo nakuambia ninachokijua. Jioni kunywa uji mwepesi tu, inatosha. Mama mkwe wako akikuambia hivyo hivyo, mtii.

Huyo daktari atibu mtu wa leo. Ya miaka ishirini na nne iliyopita yanamsaidia nini?

Mama yako,
Theodora


Manyoni,
4 Aprili 1999

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za ng'ombe.

Niliuliza swali moja. Umenijibu mvua, kuku, na miguu yangu ya miaka miwili. Kilo za siku niliyozaliwa hazimo.

Nilirudi kwa Dokta Manase nikamwambia mama anasema nilikuwa mkubwa. Akauliza, mkubwa kiasi gani, nikamtajia mikunjo mitatu ya miguu. Akaacha kalamu akanieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa.

Anasema wataalamu wa nchi za nje wametafuta vitabu vya zamani vya wakunga, wakawafuata watu wale wale wakiwa wazima. Wakaona kwamba waliozaliwa wadogo sana wanapata presha, kisukari na moyo zaidi ya wengine, hasa kama walinenepa haraka baadaye, hata ukubwani wakiwa wembamba. Mtoto akikosa chakula tumboni, mwili wake unabana matumizi. Unaulinda ubongo, na figo zinajengwa na vichujio pungufu, na ukishazaliwa huwezi kuviongeza. Vinafanya kazi ya vingi vikiwa vichache. Haimpati kila mtu, na yeye mwenyewe anasema utafiti bado unaendelea. Lakini kama mimi ni mmoja wao, ataniweka kwenye orodha ya wanaopimwa kila wiki, hatasubiri uso uvimbe kama walivyosubiri mwaka juzi. Kama si mmoja wao, anasema wagonjwa ni wengi, nitarudi kwenye foleni ya kila mwezi pamoja na wenzangu.

Umeona kwa nini nauliza?

Kuhusu chakula, nimekutii. Mama Alute alipoisikia barua yako alifurahi, akasema hata yeye alikuwa anatafuta namna ya kuniambia. Sasa usiku napewa uji ambao ukiutazama unaona sakafu ya bakuli. Nalala nimeshika tumbo.

Kadi yangu ya kliniki unayo. Niliiona ndani ya sanduku la bati nilipokuwa darasa la tano, ukaninyang'anya. Tafadhali itume.

Winfrida


Mungaa,
19 Aprili 1999

Mwanangu,

Nilikuzaa bila hospitali kubwa wala gari, nikakulea, nikakusomesha hadi kidato cha nne kwa vitunguu nilivyomwagilia kwa ndoo. Leo unanidai kadi kama karani anayemdai mtu stakabadhi. Sawa.

Kadi ndiyo hii ndani ya bahasha. Soma mwenyewe. Kilo tatu na gramu mia mbili. Siyo mimi niliyeandika, ni mwandiko wa Damari, na Damari alisomea kazi yake.

Mwonyeshe daktari wako aridhike. Kisha akutafutie ugonjwa wako mahali pengine, si tumboni mwangu.

Nimekutumia na karanga. Usizile zote.

Theodora


Manyoni,
23 Mei 1999

Mama,

Shikamoo.

Nilimpelekea Dokta kadi tarehe ishirini na sita Aprili. Alisoma ule mstari wa kwanza, akasema kilo tatu na mia mbili ni mtoto mzuri kabisa, basi si hilo. Akaniandikia vidonge vile vile nirudi baada ya mwezi. Nilitoka nikiwa na furaha, Mama. Nilikuwa najiona mjinga kwa kukusumbua.

Juzi nimerudi. Presha 160 kwa 105. Tumbo alilipima kwa utepe, akalipima tena, akasema ni la wiki ishirini na nne wakati mimi nina ishirini na nane. Akaniuliza nakula nini. Nikamwambia ukweli. Akaomba ile kadi tena, na safari hii aliisoma yote mpaka mwisho.

Akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Kuzaliwa, Februari 1975, kilo 3.2. Machi, kilo 2.0. Akasema, "Mtoto akipungua hivi ndani ya mwezi, huwa hatuandiki mstari wa tatu." Lakini mstari wa tatu upo, Mama. Aprili 2.7. Na kuanzia hapo napanda tu kila mwezi, hadi miaka miwili nina kilo kumi na nne na nusu. Kisha akainua kadi dirishani. Ile 3.2 ya mwanzo wino wake ni mwingine, na chini yake karatasi imekwanguliwa.

Mwezi mzima umepotea kwa sababu ya namba moja. Mwezi ambao mtoto alitakiwa kukua, mimi nilikuwa nakunywa uji wa kuona sakafu, kwa kuwa eti mama yangu alizaa mtoto mkubwa akateseka.

Nani aliiandika hiyo namba, na kwa nini?

Nasubiri.

Winfrida


Manyoni,
10 Juni 1999

Kwa Bibi Damari, Mkiwa,

Shikamoo Bibi. Mimi ni Winfrida, binti wa marehemu Mughwai na Theodora wa Mungaa. Nimeambiwa na dereva wa lori kwamba baada ya kustaafu ukunga umejenga Mkiwa, karibu na njia panda, na kwamba macho yako bado yanasoma.

Ulinipokea wewe nilipozaliwa. Kadi yangu ina mwandiko wako, na namba ya kwanza imebadilishwa. Mimi sipeleki habari hii popote, Bibi, wala sitafuti wa kumshitaki. Nina mimba ya miezi saba na presha kali. Mtoto wangu wa kwanza alikufa na huyu hakui vizuri. Dokta ameshaanza kunipima kila wiki na amewaagiza wakwe zangu wanipe chakula cha kutosha, lakini anataka uhakika. Nimemwandikia Mama, wiki tatu zinaisha hajanijibu. Kondakta anasema bahasha alimkabidhi mwenyewe mkononi.

Naomba ukweli tu.

Winfrida Mughwai


Mkiwa,
16 Juni 1999

Binti yangu Winfrida,

Marahaba. Nilijua siku moja kadi ile itanirudia.

Ulizaliwa kwa uzito wa kilo moja na gramu mia saba. Siku zilikuwa zimetimia, hukuwahi. Ulikuwa mdogo kwa sababu ya njaa. Niliweka 1.7 kwenye kadi na 1.7 kwenye daftari la zahanati. Daftari sikuligusa. Kadi niliikwangua kwa wembe mwezi wa kumi na moja, kwa mkono wangu huu, na mpaka leo nikiwa na rozari huwa naikumbuka.

Mama yako alikuwa amezaa kabla yako. Nadhani hakukuambia. Mtoto wa kiume, mdogo kama wewe, aliishi siku kumi na tisa. Baba yako alikuwa kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Alirudi akakuta kaburi, akamwambia mama yako mbele yangu, "Ukizaa tena kitu cha namna hii, nikirudi nisikukute." Kisha akaondoka tena. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na huzuni na hakujua aiweke wapi. Lakini alilisema, na mama yako alikuwa na miaka kumi na tisa.

Wewe ulipozaliwa niliwaficha wote wawili chumba cha nyuma cha zahanati kwa wiki sita, habari zisimfikie baba yako. Tulikuweka kwenye sanduku la dawa lenye pamba, na chupa za maji ya moto pembeni, tukakunywesha kwa kijiko. Barua kwa baba yako niliandika mimi, nikasema mtoto ni kilo tatu na mia mbili. Alipotuma habari kwamba anarudi Desemba, mama yako alikuja na kadi akapiga magoti. Baba yako alijua kusoma.

Nilidhani nabadilisha karatasi tu. Wakati ule hakuna aliyetufundisha kwamba kilo za siku ya kwanza zina kazi mtu akiwa na miaka ishirini na nne. Mweleze daktari wako hivyo, na kama ana la kunilaumu alilete kwangu. Mama yako muache.

Nimemwandikia pia kwamba nimekuambia.

Damari


Mungaa,
24 Juni 1999

Winfrida,

Damari amesema, basi na mimi niseme.

Mwezi huu nimeanza barua nne, zote nimezitia motoni. Ulipouliza mara ya kwanza kilo ngapi, mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia, Mama, ulinifanya nini? Nami sina jibu zuri la swali hilo.

Tulikuwa tumehamishwa na serikali kuletwa vijiji vya ujamaa mwaka ule. Mashamba yetu tuliyaacha mbali, huku tulipewa vichaka tuvifyeke, na mvua haikunyesha. Nikiwa na wewe tumboni nilikula mlenda bila ugali. Nilikula pumba za uwele. Kuna siku nilichemsha mbegu nilizoficha za kupanda, nikala nikilia, kwa sababu nilijua mwakani sitakuwa na cha kupanda. Unga ule wa njano wa msaada ulipofika ulikuwa umeshazaliwa. Kwa hiyo kama swali ni kwamba nilikunyima, jibu ni hapana. Sikuwa nacho.

Halafu chakula kikapatikana, na baba yako anarudi. Nilikulisha, mwanangu. Nilikuwa nakuamsha usingizini ili ule. Uji wa unga wa njano, maziwa ya unga kutoka kwa Damari, sukari vijiko vitatu, samli. Ukikataa nilikubana pua ufungue mdomo. Baba yako alipoingia Desemba alikukuta umejaa mashavu, akakurusha juu, akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu alipokuta kaburi la kaka yako. Niliona nimeshinda. Hata baba yako alipokufa niliendelea kuwaambia watu ulizaliwa mkubwa, mwisho nikaamini, na siku niliyokuandikia ule uji mwepesi nilikuwa naamini.

Sasa daktari wako anasema kukosa kule kuliharibu, na kushiba kule nako kuliharibu. Basi niambie, mimi nilipaswa kufanya nini? Muulize, kwa kuwa anajua. Mwambie mama mmoja wa Mungaa anauliza.

Kula. Mwambie mama Alute nimesema mimi, ule mpaka ukatae. Lile neno langu la kwanza nalifuta.

Kaka yako aliitwa Paskali.

Mama yako,
Theodora


Manyoni,
9 Julai 1999

Kwa Mama mkwe, Mungaa,

Shikamoo Mama. Ni mimi Alute. Winfrida hawezi kushika kalamu.

Jumatatu asubuhi alikwenda kupimwa kama kawaida ya kila wiki. Hakurudi. Nikamfuata, nikaambiwa presha imefika 190, anaona nyota, mkojo umebadilika, na Dokta hakubali kusubiri hata kesho. Walimpasua mchana ule ule. Dokta aliniambia kwamba kama angekuwa wa kurudi baada ya mwezi, tungemleta akiwa na degedege, au tusingemleta. Nakueleza kama alivyonieleza.

Mtoto ni wa kike, yuko hai. Kilo moja na gramu mia nane. Winfrida yuko hai pia, lakini presha inapanda na kushuka, na siku ya pili hakunifahamu mimi ni nani. Leo ananifahamu.

Barua yako ilifika siku aliyolazwa. Nimemsomea jana. Aliniomba nirudie pale mwisho, nikarudia, akageukia ukutani.

Mama, nakuomba usamehe kama kuna maneno makali yalipita kati yenu. Mimi mwenyewe nilimwacha aende peke yake kliniki kwa sababu ya macho ya watu. Sasa ndio nalala nje ya wodi, na watu wale wale wananipa pole.

Mkweo,
Alute


Manyoni,
1 Agosti 1999

Mama,

Shikamoo.

Tumeruhusiwa Jumatano. Mtoto ana kilo mbili na gramu mia moja. Ananyonya mwenyewe, polepole, analala katikati ya kunyonya na inabidi nimguse mguu. Mimi nitameza vidonge, labda maisha yangu yote. Dokta ametaka nirudi kila mwezi hata nikijisikia mzima, akapima figo, akasema zinafanya kazi lakini tuzitunze.

Nilimuuliza swali lako. Nililisema kama ulivyoliandika: mama mmoja wa Mungaa anauliza alipaswa kufanya nini. Akasema, "Hakuna alichopaswa kufanya tofauti. Bila kukulisha ungekufa. Waliopaswa kufanya tofauti hawakuwa zahanati ile." Kisha akaita mgonjwa mwingine. Mimi nilitegemea nitoke pale nimepoa, lakini nimetoka na hasira zaidi, kwa sababu sasa sijui nimkasirikie nani. Njaa huwezi kuisema vibaya ikasikia. Baba amekufa. Dereva wa lori lililowahamisha naye labda amekufa.

Kwa hiyo nakukasirikia wewe, Mama, kwa kuwa ndiye uliyebaki. Si kwa ajili ya 1975. Kwa 1975 sina neno, ningekuwa mimi ningekwangua hata daftari. Nimekukasirikia kwa Aprili na Mei. Nilikuandikia kwamba nina presha na nimeshazika mtoto, nawe ukanitumia ile kadi ukijua.

Hapa ndani kuna vita. Mama Alute anataka tumpe mtoto maziwa ya ng'ombe yenye sukari ili akimbie kwenye mizani, aibu iishe. Anasema mtoto wa namna hii hatolewi nje wageni wakamwona. Nimemjibu kwa adabu kwamba atakua kwa ziwa langu na kwa kiasi chake, na kwamba mgeni akiuliza nitamtajia kilo zake. Amenuna tangu jana.

Dokta amesema mtoto asiwekwe kitandani peke yake mpaka afike kilo mbili na nusu. Anavuliwa, anafungwa kwa kanga kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, saa zote, apate joto. Mchana namshika mimi mpaka mshono unauma. Akitoka kwenye mashine ya alizeti, anakofanya kibarua sasa, anamshika Alute, anasinzia amekaa, naogopa atamwangusha. Mama Alute hataki, anasema mambo gani haya.

Tumempa jina la Paskalina. Bado nina hasira, na ukifika utaiona usoni kwangu, sitaificha. Lakini tumechoka, Mama, na kifua cha tatu hatuna. Panda basi la Alhamisi.

Winfrida